Poti Kuwa Wazi Si Seva Kuwa Nzima

Ofisi yangu ni chumba kimoja cha ghorofani karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Hapo ninatunza mfumo wa kukata tiketi za basi: seva mbili nyuma, na mbele yake HAProxy, programu ya proksi (mpokezi wa katikati) inayogawa wateja kwa zamu. Ijumaa moja jioni, watu wakikimbilia mabasi ya usiku ya Nairobi, simu zikaanza kulia. Huyu amepata tiketi, yule ameona ukurasa wa hitilafu, wa tatu amepata, wa nne amekwama. Nikafungua ukurasa wa takwimu wa HAProxy. Seva zote mbili ni kijani, yaani nzima.

Ukisikia mmoja anapita na mwingine anakwama kwa mpangilio huo, achana na kulaumu intaneti. Seva moja inaumwa na proksi haina habari.

Kwenye faili la mipangilio ya HAProxy, mstari wa kila seva, nilikuwa nimeandika `check`, basi. Neno hilo peke yake huifanya proksi ipige hodi kwenye poti ya TCP, yaani mlango wa mawasiliano wa seva. Ikiitikiwa, inaenda zake. Seva ya pili ilikuwa imejaa diski, haiwezi kuandika tiketi hata moja, lakini iliitikia hodi kwa adabu zote.

Nikaongeza `option httpchk`, inayouliza kwa HTTP (lugha ya kurasa za wavuti), nikadhani nimemaliza. Wapi! Ukiiacha ilivyo, inatuma ombi la OPTIONS kwenye `/`, na jibu lolote la 2xx (namba za 200 na kitu, mafanikio) au 3xx (300 na kitu, nenda kwingine) kwake ni uzima. Ukurasa wangu wa mwanzo humpeleka kila mtu kwenye kuingia kwa jibu la 302, diski iwe imejaa au tupu. Kwa hiyo itengenezee njia yake (yangu naiita `/afya`), iulizwe kwa GET (ombi la kawaida la kusoma ukurasa), na uandike `http-check expect status 200`.

Ndani ya `/afya` uweke nini? Hapa ndipo nilipoungua mara ya pili. Nilianza na pupa: diski, hifadhidata, hadi huduma ya malipo ya watu wengine. Siku huduma ile ilipolala, seva zote mbili zikakiri zinaumwa, HAProxy ikaziondoa zote, na kila mteja akala 503 (huduma haipatikani), hata yule aliyetaka tu kujua basi linaondoka saa ngapi. Siku hizi `/afya` inakagua kile kinachoweza kuharibika kwenye seva hiyo peke yake. Kile ambacho seva zote hukitegemea nimekiwekea kengele yake pembeni, maana kikifa hakuna seva nzima ya kuwapokea wateja.

Muda wa kawaida ni kuuliza kila sekunde 2, kuondoa baada ya kushindwa mara 3, kurudisha baada ya kufaulu mara 2. Hiyo ya kurudisha mimi nimeipandisha hadi 5, kwa kuwa programu yetu huamka taratibu. Na kila sekunde 2 ni mara 43,200 kwa siku kwa kila seva: ukiandika kila ombi kwenye logi (faili la kumbukumbu za seva), ukaguzi wenyewe utakujazia diski.

Mnaotumia Nginx ya bure, programu nyingine ya kazi hii hii, yenu haiulizi, inangoja ombi la mteja lishindwe. Kosa 1 na seva inawekwa kando sekunde 10, ila jibu la 500 (hitilafu ndani ya seva) halihesabiwi kosa mpaka uongeze `http_500` kwenye `proxy_next_upstream`.

Mimi hujaribu Jumanne asubuhi, wateja wakiwa wachache: naifanya `/afya` ya seva moja ijibu 500 makusudi, kisha nahesabu sekunde hadi igeuke nyekundu.