Kabla ya Kununua Sofa, Uliza Upepo wa Kusi Huingilia Wapi

Nyumba yetu ya mapumziko ipo Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na tangu tuijenge nimelazimika kununua samani mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua kwa macho. Nilizunguka maduka ya Dar es Salaam nikachagua makabati ya chipbodi, sofa la mahameli na meza yenye miguu ya chuma kinachong'aa. Msimu mmoja tu wa kusi ulipopita, miguu ya meza ilikuwa imetia sakafu madoa ya kutu, milango ya makabati imevimba na haifungi, na sofa linanuka ukungu ambao haukutoka hata tulipolianika juani wiki nzima.

Sikuwa nimezingatia kwamba nyumba inayotazama upande ule hupigwa na upepo wa kusini-mashariki takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, nao huja na chumvi ya mawimbi yanayopasuka mwambani. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma iliyokigusa hakikauki, bali huendelea kuliwa usiku na mchana. Siku hizi, kabla ya kufikiria rangi au mtindo wa kitu chochote, huuliza kwanza kitakaa umbali gani na dirisha la upande wa kusi.

Kwa bawaba, vitasa na skrubu, chagua shaba ya manjano au chuma cha pua (kisichoshika kutu upesi) cha daraja la 316, ambacho kina metali iitwayo molibdeni na huvumilia chumvi kuliko kile cha 304 kilichozoeleka madukani. Fundi wangu alishikilia kwamba chuma cha pua ni kilekile. Bawaba alizofunga jikoni kwa imani hiyo sasa zina madoa ya kahawia. Mbao ziwe za msaji au mvule, na zisiwe na vena, yaani ganda jembamba la mbao la kubandika.

Somo kubwa zaidi, hata hivyo, nililipata Lamu, katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe. Urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari ndio ulioamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, visivyo na nafasi ya kurundika samani. Vyombo viliwekwa katika zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, na watu waliketi kwenye baraza za kujengwa. Zidaka hazishiki kutu wala hazivimbi. Niliporudi nilimwita mwashi badala ya muuza samani: sebuleni akajenga baraza pande mbili, nikaziwekea magodoro membamba yenye foronya za pamba zinazovuliwa na kufuliwa, na chumbani akatengeneza rafu za ukutani zilizo wazi, kwa sababu nguo zikifungiwa kabatini huota ukungu. Kuta za ndani tulizipaka chokaa, ambayo huuachia unyevu utoke, tofauti na rangi ya plastiki inayouzuia hadi inabanduka yenyewe vipande vipande.

Chumba cha kulala kinataka hesabu ya peke yake. Chandarua hupunguza upepo sana, na pangaboi likiwa juu ya dari huku mlalaji amefunikwa na neti, anayefaidi ni dari. Tulimwagiza seremala kitanda cha nguzo nne, kirefu kuliko kawaida, chenye boriti ya kuvuka katikati, kisha feni ndogo ikafungwa kwenye boriti hiyo, ndani ya chandarua. Tangu hapo kiyoyozi huwashwa mara chache, nami nilikuwa nimekwisha kukilipia. Dirishani hakuna kioo, bali vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa na kuzuia mvua. Pazia nzito ziacheni mjini.

Mchanga hauzuiliki kwa kapeti. Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa, yenye mikeka ya ukindu inayokung'utwa kila asubuhi, na mlangoni tumejenga birika dogo la kunawia miguu. Nyumba za Lamu zilikuwa na samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure liliwekwa chini kabisa ili samaki wapate pa kukaa maji yakipungua. Letu lina bakuli tayari. Samaki ndio bado.