Akaunti yako itafungwa baada ya saa 24

SWALI: Nililetewa barua pepe kwamba akaunti yangu ya Gmail itafungwa baada ya saa 24. Nikabonyeza kiungo, nikaandika nywila, ukurasa ukaganda. Nifanyeje?
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Pole, ndugu yetu. Ukurasa haukuganda, ulishapata ulichokitaka, yaani nywila yako. Usiurudie. Andika mwenyewe myaccount.google.com, ingia sehemu ya usalama, badilisha nywila, toa kila kifaa usichokitambua, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili nywila peke yake isitoshe kuingia. Kama nywila hiyo hiyo waitumia kwengine, badilisha na huko.

Wengi huishia hapo, na mwizi akabaki ndani. Ukiwa kwenye kompyuta (hata saiba itafaa, mradi utoke kwenye akaunti ukimaliza), fungua mipangilio ya Gmail, tazama vichujio (amri za kupanga barua zinapoingia) na sehemu ya kusambaza barua. Mara nyingi mwizi huacha amri ya kujipelekea nakala, na amri hiyo haifutiki kwa kubadilisha nywila. Hakikisha pia namba ya kurejeshea akaunti ni yako.

Siku nyingine, kwenye simu, bonyeza kiungo na ukishikilie bila kuachia, anwani itatokea. Tuseme ni google.com.hakiki-sasa.info/ingia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza, usihesabu ile miwili ya https://, soma ukirudi kushoto: mwenye nyumba ni hakiki-sasa.info, hiyo google.com ni kibandiko tu mlangoni. Alama ya kufuli kando ya anwani nayo isikuhadae, hata tapeli huipata bure.

Na akipiga mtu akiomba msimbo ulioingia kwa SMS, kata simu.