P2 kila wikiendi? Hapana, mdogo wangu

Mdogo wangu uliyeuliza kama unaweza kutumia P2, kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo, kila wikiendi, usifanye hivyo. Najua kuuliza haya dirishani kwenye duka la dawa hapa Mtwara mjini, watu wamepanga foleni nyuma yako wanasikiliza, si kazi ndogo.

P2 ni ya dharura. Inachelewesha yai kutoka, likishatoka, haisaidii. Ndiyo maana imezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na haikulindi kwa tendo la kesho yake. Ukiizoea, hedhi inavurugika na unaishi kwa hofu. Kuharibu kizazi haiharibu, hayo maneno ya hosteli yaache.

Kinachoniumiza ni kwamba wengi wenu mnaogopa mimba tu! VVU na kisonono P2 haivigusi, kondomu ndiyo kinga. Ikipasuka na hujui hali ya mwenzako, nenda hospitali ya Ligula leo hii uombe PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tendo la hatari, nayo inaanzwa ndani ya saa 72.

Ukitaka kutulia, sindano ya kuzuia mimba inakaa miezi 3, kijiti cha mkononi miaka 3 au zaidi. Vituo vya serikali wanatoa bure, na huhitaji kuwa na mume.