Barua kwa mwanangu: nyumba ya Manzese

Mwanangu,

Nimeupata ujumbe wako kuhusu nyumba aliyokuachia shangazi yako. Unaniuliza kama umfuate dalali aliyekushauri uwatoe wapangaji wote, ukope benki, vyumba vyote sita uvigeuze masta, yaani kila kimoja na choo chake ndani, upige tailizi na jipsamu, halafu upangishe kwa bei mara mbili.

Usifanye hivyo, baba. Masta si kitu kibaya. Ila huyo aliyekushauri hulipwa kodi ya mwezi mmoja kila mtu anapohamia. Mpangaji aliyetulia miaka mitano hampi dalali hata nauli ya bodaboda. Akikutajia bei za mtaa msikilize, maana anazijua kuliko mimi na wewe. Mambo ya ukarabati muulize fundi.

Halafu piga hesabu. Tuseme kila chumba kinaingiza 60,000 kwa mwezi. Ukivifunga vyote sita miezi minne, imeshakupotea 1,440,000 kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji, na rejesho la benki halingoji rangi ikauke. Wewe subiri chumba kijiachie chenyewe. Mtu akihama, kaa nacho wiki mbili tatu, kitengeneze, bei mpya aanze nayo anayeingia. Wale wengine kodi yao ndiyo itakayonunua mabomba.

Kabla ya chumba chochote, tazama paa. Ingia saa saba mchana jua likiwa kali, funga mlango na dirisha, zima taa, angalia juu. Penye tundu utaona nukta ya mwanga. Penye dari, tafuta doa la manjano lenye ukingo kama ramani, kisha fundi apande juu ya doa hilo. Mara nyingi bati lenyewe ni zima, ila msumari umelegea au mpira wake umekauka na maji yanafuata tundu la msumari. Hapo hubadilishi bati, unabadilisha misumari. Fundi akikuambia ezua yote, muulize ameona mbao ngapi zilizoliwa na mchwa, na akuonyeshe.

Sasa hilo la masta. Vyoo sita vya ndani vyote vitamwaga kwenye shimo moja lililochimbwa kwa choo cha uani. Choo cha kuvuta kinakula maji mengi, na maji ya DAWASA huko hayatoki kila siku, kwa hiyo utahitaji simtank, mnara wake na pampu. Shimo litajaa upesi na gari la kunyonya utaliita mara kwa mara, kama uchochoro wenu unaruhusu gari kufika. Usije ukawa kama wale wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, uchafu wao ukaingia vyumbani kwa jirani. Mimi ningefanya masta mbili tu, vile vyumba vya nyuma vilivyo karibu na shimo, bomba liwe fupi na mteremko mzuri. Vinne vibaki na choo cha uani, lakini kiwe choo cha heshima: sakafu isiyotuamisha maji, mlango wenye komeo, taa. Watu huhama kwa sababu ya choo kuliko kwa sababu ya jipsamu.

Kuta zako zinaliwa na chumvi, nimeziona: lipu inamumunyuka usawa wa goti. Fundi rangi atakwambia piga rangi ya mafuta. Hiyo inafungia unyevu ndani na baada ya masika rangi inavimba na kubanduka vipande vipande. Lipu ibanduliwe mpaka juu ya pale unyevu ulipoishia, ukuta uachwe ukauke kiangazi, ndipo upigwe lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Na simamia maji ya kuchanganyia. Visima vingi vya Dar ni vya chumvi, na fundi atachota yaliyo karibu. Kama hukusimama pale, umelipia chumvi nyingine.

Umeme ndio chanzo cha ugomvi. Vyumba sita LUKU moja, kila siku ni zamu ya nani kununua na nani ana friji. Weka angalau mita ndogo kila chumba, na nyaya azikague fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati, maana nyumba ile ilifungwa umeme enzi za redio na balbu. Kumbuka pia kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Wapangaji wanakulipia wakinunua umeme, kwa hiyo warudishie kwenye pango. Hela ndogo, lakini wanaihesabu.

Zile fremu mbili za biashara za mbele usiziunganishe kwa kuvunja ukuta wa kati mpaka mtu anayejua ujenzi aseme ukuta huo haujabeba kitu. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo likaua watu zaidi ya ishirini. Yako haina ghorofa, najua, lakini paa nalo lina uzito. Mpangaji wa fremu mwenye biashara iliyosajiliwa atakukata asilimia 10 ya pango aipeleke TRA, mamlaka ya mapato. Usigombane naye, mdai hati ya makato hayo.

Mama Salma wa chumba cha tatu anadaiwa miezi miwili, umesema. Biashara yake ni ya chapati, hela inaingia kwa siku. Kumdai kodi ya miezi sita mbele kwa mkupuo ni kumfukuza kwa adabu. Mwandikie mkataba wa mwezi mwezi, serikali ya mtaa ishuhudie, deni ligawanywe. Akishindwa kabisa, notisi ya maandishi. Baraza la Kata siku hizi linapatanisha tu, uamuzi hutolewa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'oa mlango au bati ili mtu atoke ni ujinga, na nisisikie umefanya.

Masika yanaanza Machi na mafundi bati watapandisha bei mwezi huo huo. Tafuta fundi sasa. Bati usinunue kwanza, nitakuulizia bei mimi.

Mama yako