Picha ya baiskeli katikati ya barabara: ni leni yetu au sio?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Denver, kazini naenda na baiskeli. Mtaani kwetu wamechora baiskeli na mishale miwili juu yake, mstari wa pembeni hakuna. Ile ni leni yetu? Nikipita pale napigiwa honi, nikisogea pembeni nabanana na gari zilizopaki.

JIBU: Marahaba. Hapana, sio leni, barabara ni yenu wote, wewe na magari. Leni ya baiskeli utaijua kwa mstari mrefu unaoitenga, hiyo mishale inakuonyesha tu upite wapi. Na hapo uliposogea pembeni ndo pabaya kuliko kwenye honi, maana mtu aliyepaki akifungua mlango ghafla unaugonga au unauyumbia ukaangukia mbele ya gari linalokuja nyuma, na mlango ukifunguka wote unakula karibu meta moja ya barabara. Ndo maana mwongozo wa taifa wa alama za barabarani wa 2009, ulioingiza hii alama rasmi Marekani nzima, ulisema penye magari yaliyopaki katikati ya mchoro pawe angalau futi 11, yaani kama meta 3.35, kutoka ukingoni. Kwa hiyo pitisha tairi lako palepale kwenye ncha ya mishale, nyooka, usiwe unaingia na kutoka kila ukiona nafasi wazi kati ya gari mbili, dereva wa nyuma anakupoteza. Akitaka kukupita, sheria ya Colorado, jimbo lenu, inamtaka akuachie futi 3.

Alama yenyewe asili yake ni hukohuko Denver, aliibuni James Mackay miaka ya 1990 alipokuwa mpangaji wa baiskeli wa jiji.

Ila rangi haizuii gari, hilo nalisema kila siku. Watafiti wawili wa chuo kikuu hapo Denver waliangalia takwimu za Chicago mwaka 2016, wakakuta sehemu zilizochorwa mishale tu majeruhi walipungua, ila kwa kiasi kidogo kuliko walivyopungua hata sehemu ambazo hazikuwekewa kitu! Mtaa wenye matuta na magari ya polepole sawa, inasaidia, lakini kama kwenu wanakimbiza, piga 311, namba ya huduma za jiji, uombe matuta au leni yenye vizuizi, na uwataje majirani wanaoendesha na watoto wao.