Usifute kanda kabla hujaitazama diski mpaka mwisho

Juzi imetokea tena. Kijana aliyeanza kazi kwetu miezi mitatu iliyopita amemkabidhi mteja diski yake ya DVD, mteja akaenda nayo nyumbani, familia nzima ikakaa mbele ya televisheni, na deki ikagoma kuisoma. Nikamuuliza alichoma nini, yaani aliandika nini kwenye diski. "Faili la MP4, kaka. Kwenye kompyuta linacheza vizuri kabisa." Wiki iliyotangulia mwenzake alifanya hivyo hivyo. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tumeshaliongea. Sasa naliandika.

1. Diski ya data si diski ya video. Deki ya DVD inatafuta folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO, BUP na VOB. Picha iwe MPEG-2, sauti iwe AC-3 au PCM, miundo ambayo kila deki inaielewa. Deki chache za miaka ya karibuni zinakubali mafaili mengine, ila wewe hujui mteja ana deki gani. Programu ya kutengeneza DVD inakufanyia yote hayo, mradi usome swali inalokuuliza mwanzoni (data au video?) badala ya kubonyeza tu.

2. Baki na mfumo wa kamera iliyorekodi, PAL au NTSC, mifumo miwili ya televisheni. PAL ni nukta 720 kwa 576, fremu (picha) 25 kwa sekunde. NTSC ni 720 kwa 480, fremu 29.97.

3. Usishindilie. Diski ya tabaka moja ni GB 4.7 kwenye boksi, lakini kompyuta nyingi zitakuonyesha kama 4.38 kwa sababu zinahesabu kwa 1024. Saa moja ya picha unaipa megabiti 8 za data kwa kila sekunde bila wasiwasi; zikipungua, picha inafifia. Saa mbili, shuka hadi 4.5 hivi. Saa tatu, tumia diski mbili! Nimeona harusi iliyobanwa saa tatu kwenye diski moja: watu wakianza kucheza tu, nyuso zinageuka vigae.

4. Kasi ya kuchoma. Hapa naomba mtulie.

Mama alinipa kanda moja ya MiniDV, zile kanda ndogo za kamera za kidijitali, ya dakika 60, aliyorekodi baba mwaka wake wa mwisho. Nilikuwa na uzoefu wa mwaka mmoja na nilijiona fundi. Mnajua kanda inaingia kwenye kompyuta kwa mwendo wake, saa moja kwa saa moja, basi nikaiwasha nikatoka kushughulikia kazi nyingine. Niliporudi faili lilikuwa limekamilika, GB 13. Nikarenda, yaani nikaligeuza kuwa filamu ya DVD, nikachoma kwa 16x, mara 16 ya kasi ya kawaida, kwa sababu mashine iliniruhusu, na nikaijaza diski mpaka ukingoni. Nikaijaribu dakika tano za mwanzo. Picha safi, sauti safi. Diski kuu ya kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta lile faili. Siku mbili baadaye nilikuwa na kazi ya mahafali na sikuwa na kanda tupu. Nikairekodia kwenye kanda ile ile ya baba.

Jumapili tukakaa na mama kutazama. Dakika ya 50 baba anaiweka kamera mezani. Kitambaa cha shati kinaziba picha yote, anafuta lenzi, kisha anarudi nyuma, anavuta kiti, anakaa, anaitazama kamera. Anaanza kuongea nasi, anataja majina yetu mmoja mmoja. Dakika ya 52 picha ikakatika vipande vya mraba, sauti ikafia katikati ya neno, deki ikaanza kukwaruza. Mama alikaa na rimoti mkononi akisubiri. Baada ya muda akaniuliza, "Inarudi?"

Haikurudi. Nilijaribu draivu tatu, nikajaribu programu za kuokoa data, nikaisafisha ile diski mpaka mkono ukachoka. Dakika nane za mwisho hazikupatikana, na mimi sikuwahi kuzisikia, maana wakati kanda inaingia sikuwepo chumbani.

Sababu yake niliielewa baadaye. Diski inachomwa kutoka ndani kwenda nje. Mwisho wa filamu iliyojaa uko ukingoni, na huko ndiko mashine inakofikia ile 16x yenyewe. Mwanzoni inakwenda chini ya nusu ya hapo. Ukingoni ndiko diski dhaifu inakoharibika kwanza, na ndiko vidole vinakoshika. Mimi nilijaribu sehemu ya ndani, iliyo salama kuliko zote.

Kwa hiyo: choma kwa 4x au 8x. Kwenye programu weka alama kwenye uhakiki baada ya kuchoma, ili mashine isome tena diski nzima, hata kama unaongeza dakika kumi. Toa nakala mbili, kwenye diski za kampuni mbili tofauti. Na faili la asili likae mpaka mteja aseme ametazama lote.

5. Funga diski, yaani iambie programu kwamba uandishi umekwisha (finalize). Isiyofungwa itacheza kwenye mashine iliyoichoma na kukataliwa kwingine.

6. Fildi, yaani nusu mbili za kila fremu, mistari ya juu na ya chini, zinazoonyeshwa kwa zamu. DV, kama ile MiniDV, huanza na fildi ya chini. Ukichagua ya juu, kila kinachosogea kitatetemeka kwenye televisheni, na kompyuta itakuficha hilo. Ndiyo maana nasema televisheni, televisheni, televisheni.

7. Maandishi yakae mbali na kingo, televisheni za zamani zinayala. Usibandike lebo za karatasi, zinaivuruga diski ikizunguka. Andika kwa kalamu ya diski, hifadhi kwenye kasha, mbali na jua.

Kijana wetu anachoma upya jioni hii, kwa 4x. Hakuna aliyemgombeza. Nimemwekea kiti mbele ya televisheni ya ofisini, na filamu ina saa 1 na dakika 40. Nimevuta na changu.