Mackinnon yupi? Kupanga faharasa ya watu, mahali na vyombo vyenye jina moja la ukoo

Swali: Sisi ni kikundi kidogo mjini Voi. Tunakusanya picha na barua za zamani za eneo letu na kuziorodhesha kwenye kompyuta. Jina Mackinnon linatusumbua, kwa kuwa kwenye barua ni mtu, kwenye ramani ni barabara, kwenye picha ni mji, na kwenye kumbukumbu za reli ni meli. Tuliyaweka yote chini ya neno moja, na sasa kila anayetafuta anapata mchanganyiko. Tuyatenganishe vipi, tuyapange kwa utaratibu gani, na meli iingie kwenye M au kwenye W?

Jibu: Ndugu zangu wa Voi, mmefika mahali ambapo kila mwandaa faharasa hufika, nami nafurahi kwamba mmeuliza kabla orodha haijawa kubwa zaidi. Kanuni ninayoifuata kazini, ambayo majibu yote yaliyobaki yanatokana nayo, ni kwamba ingizo la faharasa ni la mwenye jina, na jina ni alama tu ya kumtambua. Wenye jina wakiwa wanne, maingizo ni manne, hata kama majina yao yanafanana herufi kwa herufi. Kila ingizo lipewe namba yake ya kudumu katika safu ya pekee, kisha kila picha na kila barua iunganishwe na namba hiyo, isiunganishwe na neno lililoandikwa.

Tuwatazame hao wanne. Mtu ni William Mackinnon, aliyezaliwa Campbeltown, Uskoti, mwaka 1823 na kufariki mwaka 1893, mfanyabiashara wa meli aliyeanzisha Imperial British East Africa Company, kampuni iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni hiyo ndiyo iliyoanza, mwaka 1890, kufungua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kuelekea bara, na baadaye mhandisi wa jeshi aitwaye Sclater akaifikisha Busia, ndiyo maana vitabu huiita barabara ya Mackinnon-Sclater. Kituo cha reli kilichoko kati ya Mombasa na kwenu Voi kilirithi jina la njia hiyo pamoja na neno Road lenyewe, na mji uliokua pale, ambao wasafiri wengi wanaujua kwa msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali kando ya reli, unaitwa Mackinnon Road hadi leo. Meli ni William Mackinnon, iliyoundwa Uskoti, ikaletwa Mombasa vipande vipande, na hatimaye kushushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla reli haijafika ziwani. Mwenye jina alikuwa amekwisha kufa miaka saba.

Sasa namna ya kuyaandika. Mtu aanze kwa jina la ukoo, likifuatwa na mkato, jina lake na miaka yake: Mackinnon, William, 1823–1893. Miaka si pambo, kwa sababu William Mackinnon wengine wapo, na mkiwapata mtawatofautisha kwa miaka hiyo. Mji uandikwe kama unavyotajwa, Mackinnon Road, na katika mabano muongeze kwamba ni mji wa Kenya, ili mtu asidhani Road hiyo ni barabara. Barabara nayo iwe Mackinnon-Sclater, na katika mabano neno barabara. Meli ndiyo inayowatatiza wengi. Jina la chombo haligeuzwi, kwa kuwa chombo hakina jina la ukoo hata kama kimepewa jina la mtu mwenye ukoo. Kwa hiyo ni William Mackinnon (meli), inaingia kwenye W, na herufi SS zinazoitangulia, yaani meli ya mvuke, hazihesabiwi katika kupanga. Hata hivyo msimwache anayetafuta kwenye M atoke mikono mitupu. Wekeni pale mstari wa rejea unaosema: tazama pia William Mackinnon (meli).

Niongeze jambo moja hapa, kwa sababu najua katika barua zenu kutakuwa na watu wa pwani. Kugeuza jina ni kwa wenye jina la ukoo peke yao. Liwali wa Mombasa aliyeitwa Ali bin Salim anaingia kwenye A, kwani Salim ni baba yake na wala si ukoo wake. Nimeona orodha nyingi zilizomweka mwana chini ya jina la baba kwa kuiga tu utaratibu wa majina ya Kizungu, na jamaa wa marehemu wakamtafuta wasimwone.

Kuhusu utaratibu, wakutubi wa zamani walikuwa na jibu tayari. Charles Ammi Cutter wa Marekani, katika kanuni zake za mwaka 1876, aliagiza kwamba neno moja likiwa na wenyewe wa aina mbalimbali, atangulie mtu, afuate mahali, kisha mada, na mwisho majina ya vitabu. Kadi za maktaba zilipangwa hivyo kwa miongo mingi. Kompyuta haijui hayo. Inalinganisha alama kwa namba zake za ndani, na kwa kawaida nafasi tupu hutangulia mkato, na mkato hutangulia kistari, kwa hiyo mkiiachia itawapa kwanza mji, kisha mtu, kisha barabara, bila sababu yoyote ambayo msomaji angeielewa. Dawa yake ni safu mbili za ziada. Ya kwanza ibebe neno la kupangia peke yake, yaani Mackinnon kwa mtu, mji na barabara, na William Mackinnon kwa meli, ya pili ibebe aina, yaani 1 kwa mtu, 2 kwa mahali (barabara ikiwemo), 3 kwa chombo, na jedwali lipangwe kwa safu hizo mbili kabla ya nyingine yoyote. Katika safu hiyo ya kwanza jina hilo liandikwe Mackinnon kila mara, hata pale karatasi ilipoandika McKinnon au MacKinnon. Katika kadi za zamani Mc na Mac zilihesabiwa kuwa kitu kimoja, lakini kompyuta itazitenga mbali. Mwandiko wa karatasi yenyewe mnauhifadhi kwenye safu yake, bila kuusahihisha.

Ugumu wenyewe hauko katika kupanga, uko katika kuamua. Mahali nilipofanya kazi zamani nililetewa picha ndogo yenye kingo za mawimbi, wanaume sita wamesimama mbele ya lori lililofunikwa turubai, na nyuma yake kwa penseli: Mackinnon, Machi 1948. Aliyeiorodhesha kabla yangu alikuwa ameiunganisha na Sir William, mtu aliyekuwa kaburini kwa miaka 55. Ukiigeuza picha na kuitazama kwa lenzi unaona safu za mahema na udongo mwekundu, nawe unakumbuka kwamba kuanzia mwaka 1947 Waingereza walikuwa wakijenga bohari kubwa ya jeshi pale Mackinnon Road. Neno lile la penseli lilikuwa mahali. Wale wanaume sita hawakuandikwa popote, na kwa muda wote huo yeyote aliyetafuta picha za bohari ile hakuweza kuwafikia. Jambo hili bado linaniuma. Kwa hiyo kila mnapokuta Mackinnon lililo peke yake, someni kwanza tarehe, kisha mgongo wa picha, kisha picha yenyewe, na kama bado hamjaridhika andikeni kwamba mwenye jina hajathibitishwa. Ingizo la namna hiyo ni halali kabisa, na ni bora mara mia kuliko la kubahatisha.

Mtakutana pia na majina yaliyobadilika. Meli ya Ziwa Tanganyika iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilipewa jina la Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Chombo ni kilekile, kwa hiyo ningeipa ingizo moja lenye majina mawili na miaka ya kila jina, na rejea kutoka jina la zamani. Kwa taasisi wakutubi hufanya tofauti. Coryndon Museum ya Nairobi, iliyopewa jina la gavana Robert Coryndon, na makumbusho ya taifa yaliyoirithi baada ya uhuru hupewa maingizo mawili yaliyounganishwa, moja la awali na moja la baadaye, kwa kuwa kila jina lilitoa nyaraka zake. Meli Robert Coryndon ya Ziwa Albert inabaki ingizo la tatu.

Mwisho, wekeni safu ya uhusiano, yenye maneno kama limepewa jina la mtu fulani, lakini ijazwe pale tu mnapokuwa na ushahidi. Ziwa Victoria lilipata kivuko cha mabehewa ya reli, MV Uhuru, katika miaka ya 1960. Kijana wa leo anaweza kukiunganisha na Uhuru Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo, ilhali wote wawili wanabeba neno lililokuwa midomoni mwa nchi nzima wakati ule. Safu ya kivuko hicho, mkiifikia, iacheni tupu.